Mtaalamu anajibu: Niliuziwa mitetea, wamegeuka majogoo. Nitamtambuaje jike akiwa bado kifaranga?

"Daktari, shikamoo. Naishi Igawilo, Mbeya. Mwezi wa tatu nilinunua vifaranga chotara 40 wa wiki moja kwa mtu anayepita mitaani. Mchanganyiko alikuwa anauza Sh 2,500, ila mimi akanichagulia mitetea watupu kwa Sh 3,500. Alikuwa anamshika kila kifaranga miguu na kumning'iniza kichwa chini; asiyepapatika sana akasema ndiye jike. Leo wana wiki 11, na 22 kati yao ni majogoo, wawili wameshaanza kuwika. Jirani anasema ningemkunjua bawa ningejua. Mama mkwe anasema nichague mayai ya duara nitotoleshe mwenyewe. Fundi aliyeniletea mashine ya kutotolesha anasema nikipunguza joto kidogo nitapata majike wengi. Mwanangu amenionyesha video ya watu wanaobonyeza vifaranga sehemu ya haja na kuwatenganisha haraka haraka. Nikajaribu kwa vifaranga sita wa kuku wangu, wawili wakafa. Ukweli ni upi? Na hawa majogoo nifanye nao nini?"

Marahaba, dada. Pole kwa vifaranga wawili, na pole kwa pesa yako. Naomba nianze na hiyo pesa, maana hesabu yake inatuambia mengi kabla hata hatujamgusa kuku.

Ulilipa Sh 1,000 ya ziada kwa kila kifaranga, yaani Sh 40,000 kwa jumla, ili upate majike watupu. Umepata majike 18. Kuku kwa asili huangua nusu kwa nusu, madume na majike, na mtu akiokota vifaranga 40 akiwa amefumba macho atapata madume 22 au zaidi karibu mara 3 katika kila mara 10. Yule mchuuzi hakukuchagulia kitu. Hata angekuwa anapatia kwa asilimia 90 tu, leo ungekuwa na majogoo wanne au watano. Umepewa mchanganyiko uleule wa Sh 2,500 kwa bei ya juu. Sisemi kwamba alikusudia kukudhulumu. Nimekutana na wachuuzi wengi wanaoamini kabisa hayo wanayoyafanya, kwa sababu hawarudi baada ya miezi mitatu kuona kilichotokea.

Ukweli wenyewe ni huu. Kwa kuku wa kienyeji, na kwa chotara wengi wanaouzwa katika mikoa yetu ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, hakuna anayeweza kumtazama kifaranga wa wiki moja kwa nje akakuhakikishia jinsia yake. Zipo njia tatu za kweli za kutenganisha vifaranga wakiwa wadogo, na zote nitakueleza. Lakini moja inahitaji mikono iliyofundishwa kwa muda mrefu, na nyingine mbili zinafanya kazi pale tu wazazi wa kifaranga walipopangwa kwa makusudi. Nje ya hapo, mtu anabahatisha.

Kwa nini wanafanana hivyo? Mbuzi akizaliwa unamgeuza tu unaona. Kuku dume amezificha korodani zake ndani ya mwili, juu karibu na uti wa mgongo, jirani na figo, na hana kiungo cha nje kinachoonekana. Kinachotufanya sisi tumtofautishe jogoo na jike, yaani upanga mkubwa mwekundu, ndevu, manyoya marefu ya shingoni na kiunoni, ni kazi ya homoni ambazo katika wiki za mwanzo bado ni kidogo. Kwa hiyo katika siku zile ambazo sisi tunataka sana kujua, mwili wa kifaranga bado hauna cha kutuonyesha.

Jinsia yenyewe, hata hivyo, imeshaamuliwa zamani. Kwa binadamu mbegu ya baba ndiyo inayoamua mtoto awe wa kiume au wa kike. Kwa ndege ni kinyume: jogoo ana kromosomu (vibeba urithi vinavyoamua jinsia) mbili za aina moja, ZZ, na kila mbegu yake inabeba Z. Kuku jike ana Z na W. Kiini chake kikibeba Z, atatoka dume. Kikibeba W, atatoka jike. Uamuzi huo unafanyika ndani ya kuku mama, muda mfupi kabla kiini hakijatoka kwenye ovari, wakati ganda bado halijaanza kutengenezwa. Yule anayemlaumu jogoo kwamba "anazalisha madume tu" anamwonea bure. Na ukishaelewa hili, maneno mawili kati ya uliyoambiwa yanaanguka yenyewe.

La kwanza ni la yai la duara. Mama mkwe hakulibuni. Ni imani ya zamani sana na imesambaa dunia nzima. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba yai refu lenye ncha hutoa jike na la duara hutoa dume. Columella, Mroma aliyeandika vitabu vya kilimo katika karne ya 1, akaandika kinyume chake: refu dume, duara jike. Wote wawili walikuwa watu makini, na wote wawili wasingeweza kuwa sahihi. Umbo la yai hutokana na njia ya mayai ya kuku mwenyewe, pale utando wa chini ya ganda unapofumwa kukizunguka kiini na ute. Ndiyo maana kuku wako mmoja hutaga mayai marefu mwaka mzima na mwenzake ya duara mwaka mzima, na wote wawili huangua majogoo na mitetea. Ujerumani ilipiga marufuku kuua vifaranga madume wa kuku wa mayai kuanzia Januari 2022, na viwanda vyake vikaingia gharama ya mashine za kuchunguza yai ndani wakati kifaranga anakua: nyingine huchota tone la majimaji na kulipima, nyingine hummulika kifaranga humo ndani kwa mwanga maalumu. Ingekuwa umbo la yai linatosha, wangemwajiri mtu mmoja mwenye macho mazuri.

Yai la duara sana, au refu kupita kiasi, au lenye ganda chafu na dhaifu, liache kwa sababu nyingine: uanguaji wake huwa mbaya. Chagua mayai ya umbo la kawaida na ukubwa wa wastani.

La pili ni la joto la mashine. Fundi wako amechukua habari ya kweli akaiweka kwa mnyama asiye wake. Kwa mamba na kobe wengi, joto la mayai ndilo linaloamua jinsia. Kwa kuku haliamui. Mashine yenye feni inatakiwa iwe karibu nyuzi 37.5 kwa siku 21, na ukishusha utapata vifaranga wanaochelewa, wenye kitovu kisichofunga vizuri, na wengi watakaofia ndani ya ganda. Tafadhali usiiguse hiyo nyuzi. Kipindi hiki cha baridi yetu, Mei hadi Agosti, mashine ndogo inapata shida ya kutosha kulinda joto lake usiku bila wewe kuipunguzia.

Kumning'iniza kichwa chini hakupimi kitu zaidi ya uchangamfu wa kifaranga wakati ule. Aliyeshiba na kupata joto anapapatika, aliyechoka kwa safari ya kwenye boksi ananyamaza. Na wapo wanaoning'iniza pete kwenye uzi juu ya yai au kifaranga na kuangalia inazunguka vipi; kinachoizungusha ni mkono wa aliyeishika.

Sasa tuje kwenye zile njia tatu za kweli.

Video aliyokuonyesha mwanao si uongo. Njia ile ilitoka Japani; wataalamu Masui na Hashimoto waliieleza kisayansi katika miaka ya 1920, na kufikia miaka ya 1930 Wajapani waliofunzwa walikuwa wanaitwa kufanya kazi hiyo katika viwanda vya Marekani na Ulaya. Mtu anamkamua kifaranga kinyesi kwanza, kisha anafungua tundu la haja kwa vidole na kutafuta ndani yake kichembe kidogo sana, kidogo kuliko kichwa cha pini. Dume huwa nacho, kimejaa na kinang'aa. Jike kwa kawaida hana, lakini baadhi ya majike nao wana kichembe, na baadhi ya madume chao ni bapa. Fundi aliyekomaa anapatia zaidi ya asilimia 95, na anapitisha vifaranga karibu 1,000 kwa saa. Ila ukomavu huo unakuja baada ya kushika vifaranga maelfu kwa maelfu chini ya mwalimu, na kazi yenyewe inafanyika ndani ya saa 24 hivi tangu kuanguliwa. Baada ya hapo kichembe kinafifia na tundu linakaza.

Vifaranga wako wawili naamini walikufa hivi: kifaranga anapoanguliwa bado ana kiini cha yai tumboni, ndicho chakula chake cha siku za mwanzo. Ukimbana tumbo kidogo tu kupita kiasi, kile kifuko kinapasuka ndani, au utumbo unachanika. Wengine hawafi palepale. Wanavimba tumbo, kitovu kinalowa na kunuka, wanakufa siku ya tatu au ya nne, na mfugaji anadhani ni ugonjwa umeingia. Wale wanne waliobaki waangalie hasa kwa hilo. Na nakuomba kwa moyo wote, njia hii iache. Haifundishiki kwa video.

Njia ya jirani yako, ya bawa, nayo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inawachanganya wengi. Kuna jeni moja (chembe ya urithi), iliyo kwenye kromosomu Z, inayochelewesha kuota kwa manyoya ya bawa. Watotoleshaji wakubwa wanamchukua jogoo wa ukoo unaoota manyoya haraka na kumpandishia majike wa ukoo unaochelewa. Kumbuka nilivyosema: mama humpa Z yake mtoto wa kiume tu, wa kike anampa W. Basi watoto wa kiume wanarithi ule uchelewaji kutoka kwa mama, wa kike wanapata uharaka wa baba. Ukifungua bawa la kifaranga wa siku moja katika uzao wa namna hiyo unaona safu mbili za manyoya. Kwa jike, manyoya ya safu ya chini ni marefu waziwazi kuliko ya safu ya juu. Kwa dume safu zote zinalingana, au ya juu inaizidi ya chini.

Tatizo ni kwamba kuku wako hawakupandishwa kwa mpango huo. Katika kundi la kienyeji jeni zote mbili zimechanganyika, kuna jogoo mwenye kuota haraka na jike mwenye kuchelewa na kila mchanganyiko wa katikati. Ukimkunjua bawa utaona tofauti za kweli kabisa kati ya kifaranga na kifaranga, na ndiyo mtego wenyewe: tofauti unaiona, ila haikuambii jinsia, inakuambia ukoo. Hata pale mpango ulipokuwepo, alama hii inasomwa siku mbili au tatu za kwanza tu. Wako walikuwa na wiki moja, wakati wenyewe ulishapita.

Njia ya tatu ni ya rangi, na hii ndiyo ninayoipenda kwa mfugaji wa kawaida kwa sababu haihitaji kumbana kifaranga yeyote tumbo. Kanuni ni ileile ya Z ya mama kwenda kwa mtoto wa kiume. Ukichukua jogoo mwekundu wa Rhode Island Red na majike weupe wa Light Sussex, vifaranga madume wanatoka weupe wa njano iliyopauka na majike wanatoka wa kahawia. Kuku wengi wa mayai wa kahawia unaowaona katika mabanda makubwa wametengenezwa kwa kanuni hii; ndiyo maana watotoleshaji wanaweza kukuuzia majike peke yao tangu siku ya kwanza. Si kila kuku mweupe anafaa kuwa mama hapo, kwa kuwa weupe wa kuku una vyanzo zaidi ya kimoja.

Kuna mchanganyiko mwingine ulio rahisi zaidi kuutambua kwa macho. Tafuta majike wenye mistari myembamba ya nyeusi na nyeupe inayokatiza kila unyoya, kama Plymouth Rock wa mistari. Wapandishie jogoo mweusi asiye na mstari hata mmoja, kwa mfano Black Australorp, aina ambayo serikali ya jirani zetu wa Malawi imeisambaza vijijini kwa miaka mingi. Vifaranga wote watatoka weusi, lakini madume watakuwa na doa jeupe au la njano juu ya kichwa na majike hawatakuwa nalo. Madoadoa ya kutawanyika kama ya kanga si mistari, yasikudanganye. Ukigeuza, yaani jogoo awe wa mistari na majike weusi, alama inapotea, kwa sababu baba anawapa Z yake watoto wote wa kike na wa kiume.

Na jambo moja ambalo wengi wanalisahau: ujanja huu wa rangi ni wa kizazi cha kwanza tu. Ukiwapandisha watoto hao wenyewe kwa wenyewe, rangi zinachanganyika na huwezi tena kusoma chochote. Lazima urudi kila mara kwa wazazi wa asili. Kwa mwenye banda la majike kumi na jogoo mmoja waliotengwa na wengine, hilo linawezekana. Kwa kuku wanaozurura na majogoo wa mtaa mzima, haliwezekani.

Ukiambiwa njia nyingine yoyote, na utaambiwa, ipime mwenyewe kabla hujaitolea pesa. Chukua vifaranga 20, kila mmoja mfunge uzi wa rangi mguuni kulingana na ulivyomkisia, andika daftarini, badilisha uzi kila unapobana kadiri mguu unavyokua, kisha subiri wiki 12 uhesabu. Usifurahie 12 sahihi kati ya 20. Kubahatisha tu kunakupa 12 au zaidi mara moja katika kila majaribio manne. Ukipata 15 au zaidi, hapo pana kitu, kwa sababu bahati peke yake inafika huko mara 2 katika 100. Nikikutana na mtu aliyefanya hivyo kwa vifaranga mia na ana daftari lake, nitamsikiliza kwa heshima zote.

Wewe unachoweza kukitegemea ni macho na subira ya wiki chache. Chotara kama Sasso, wenye asili ya Ufaransa na wanaototoleshwa pia Iringa, na Kuroiler wenye asili ya India, wengi wao unaanza kuwatofautisha kati ya wiki ya 4 na ya 6. Walinganishe waliozaliwa siku moja, asubuhi kwenye mwanga mzuri, wawili wawili mkononi. Upanga ndio wa kwanza kusema: wa dume unapanda, unanenepa na kuingia uwekundu, wa jike unabaki mfupi na wa njano au waridi iliyofifia. Kisha angalia miguu, ya dume huwa minene na vidole vizito. Kisha mgongo na mkia: jike mara nyingi amefunikwa vizuri na ana kimkia kilichokamilika, dume bado ana sehemu tupu mgongoni na mabegani. Alama moja peke yake isikutoshe. Zikikubaliana tatu, mwandike. Zikigongana, mwache wiki mbili zaidi.

Kundi lililolelewa na baridi au njaa linachelewa kila kitu. Mbeya mjini tuko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na bruda (sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto) isiyofika nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza inakupa vifaranga waliodumaa ambao wote wanafanana na majike. Nimeona watu wakishangilia wiki ya sita kwa sababu hiyo, na mwezi uliofuata panga zikaibuka. Kuku wa kuchi nao wanasumbua kwa kuwa upanga wao ni mdogo hata kwa jogoo mkubwa. Kishingo, ambaye shingo yake haina manyoya, unamsubiri kwenye kiuno.

Kiuno ndicho kinachomaliza ubishi. Kuanzia wiki ya 8 na kuendelea, hadi ya 12 kwa wanaochelewa, dume anaota pale juu ya mkia manyoya membamba yenye ncha, yanayong'aa na kuning'inia pembeni. Ya jike ni mapana, ncha yake ni ya mviringo. Sababu yake inapendeza kuijua: manyoya ya jogoo ndiyo manyoya ya msingi ya kuku, na ni homoni ya ovari inayoyageuza kuwa ya jike. Ndiyo maana kuku jike ambaye ovari yake imeharibika kwa ugonjwa au uzee anaweza kuota manyoya ya kijogoo, na hata kuwika. Kwetu wengi wanamchinja haraka wakisema ni mkosi. Ni kuku mgonjwa au mzee, basi; hajaletwa na mtu.

Tahadhari moja kwa hao 18 ulio nao: wakikaribia kutaga, kwa chotara waliolishwa vizuri ni kuanzia mwezi wa tano hivi, upanga wao nao utakuwa mwekundu. Usije ukamuuza mtetea siku chache kabla ya yai la kwanza ukidhani ni jogoo aliyechelewa. Tazama kiuno.

Sasa, safari ijayo ufanyeje? Kama biashara yako ni mayai tu na unaweza kununua chakula cha dukani bila kukatiza, nunua vifaranga wa kuku wa mayai waliotenganishwa na mtotoleshaji mwenyewe, kwa risiti inayosema hivyo. Ila kuku hao hawavumilii kuachwa wajitafutie. Kama unataka chotara wa mayai na nyama, ambao mara nyingi huuzwa mchanganyiko, nunua kwa bei ya mchanganyiko na upange tangu mwanzo kwamba nusu ni nyama. Ukihitaji mitetea 20, nunua vifaranga 45, kwa kuwa wachache watakufa na bahati inaweza kukupunguzia. Njia ya tatu ni kununua mitetea wa wiki 8 hadi 12 ambao jinsia yao inaonekana. Bei yao ni kubwa na inakuuma siku hiyo, lakini mwenzako ameshabeba vifo, mkaa wa bruda na majogoo. Uliza wamechanjwa nini na lini, na ukiwaleta nyumbani watenge wiki mbili au tatu mbali na wako. Kuku wa kuokoteza mnadani ndiyo njia ambayo ugonjwa wa mdondo unaingilia mabanda mengi. Mimi kwa hali yako, ya banda dogo na mashine ambayo tayari ipo, ningechukua njia ya pili, ya kununua mchanganyiko. Usitegemee tu kutotolesha mayai ya hawa chotara wako ukitarajia watoto wanaofanana nao. Kizazi kinachofuata kinatawanyika, wengine wakubwa, wengine wadogo, na utagaji unashuka.

Majogoo wako 22 watenge na mitetea wiki hii. Wanawanyang'anya chakula, na si muda mrefu wataanza kuwachosha na kuwajeruhi migongo. Mitetea hawahitaji jogoo ili watage. Mayai ya kula yanatoka bila yeye. Ukitaka mayai ya kuangua, jogoo mmoja anatosha majike 8 hadi 10, na atoke kwa mfugaji mwingine asiye wa kundi hili, ili usiwapandishe ndugu. Wote wabaki kwenye chakula cha kuku wanaokua. Chakula cha kuku wanaotaga kina chokaa nyingi, na kwa kuku ambaye bado hajafika umri wa kutaga kinaharibu figo.

Kuuza, tumia mizani. Wapime watano walewale kila wiki. Tuseme jogoo mmoja anakula gramu 100 kwa siku na kilo ya chakula ni Sh 1,200: kwa wiki amekula Sh 840. Kama nyama aliyoongeza wiki hiyo haifikii thamani hiyo kwa bei ya soko lako, muda wake umekwisha, muuze. Najua wengi watakushauri uwasubirishe hadi Nanenane, wageni wakijaa kwenye viwanja vya John Mwakangale. Fanya hiyo hesabu kwanza, maana majogoo 22 wanaosubiri hadi wakati huo wanakula mfuko baada ya mfuko. Kwa mama lishe na hoteli za Mwanjelwa na Uyole, wachukuaji wa watatu watatu kila wiki ni bora kuliko mnunuzi mmoja wa siku ya sherehe anayeweza asitokee.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi. Ukiona kati ya wale vifaranga wanne yeyote mwenye tumbo gumu lililovimba, kitovu kibichi au kinyesi kilichoganda nyuma, muite afisa mifugo wa kata yako amwone akiwa hai, na uwatenge wengine. Wakifa wengi ndani ya siku moja au mbili, au wakubwa wakianza kupinda shingo, kuhara kijani au kuhema kwa shida, usiwachinje na kuwagawa. Mpigie siku hiyohiyo. Uchunguzi wa mzoga unafanyika katika maabara ya mifugo ya TVLA iliyopo Iringa, na yeye ndiye atakayekuelekeza namna ya kuupeleka ukiwa kwenye ubaridi. Muulize pia ratiba ya chanjo ya mdondo ya matone ya jicho, inayorudiwa kila miezi mitatu. Kwa wazazi wa kupandisha kwa rangi, anzia kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI hapo Uyole, ni karibu na kwako. Waeleze kwamba unatafuta majike wa mistari na jogoo mweusi, wakuambie ni mfugaji gani wa kuaminika anao, na uende ukawaone wazazi hao kwa macho yako kabla ya kulipa.